Mwaka wa Chanya

Okello hajajifunza Kiswahili. Nililihakikisha hilo mwezi uliopita aliponipigia simu kutoka Kampala kuniambia kwamba anakuja Mombasa mkutanoni, na kwamba "mimi nataka kukula ile mbaazi ya nazi tena, na Zuhura pia akuje." Nilicheka peke yangu ofisini mpaka vijana wangu wakaja kuchungulia mlangoni. Siku hizi mimi ndiye msimamizi. Vijana wananiita madamu, wananyamaza ninapopita, na hakuna anayeamini kwamba madamu aliwahi kukaa juu ya dawati la mtoto akila mahamri huku miguu yake inaning'inia. Zuhura naye alivuka mpaka kutoka Tanga na buibui lake la safari, tukakutana watatu katika mkahawa mmoja wa Changamwe, tukapiga kelele hadi mhudumu akauliza kama sisi ni ndugu. Okello akamjibu kwamba ndiyo, mama mmoja. Mhudumu alimtazama yeye, Mwacholi mrefu anayeinama mlangoni, akamtazama Zuhura na hina yake, akanitazama mimi Mgiriama mfupi wa Magogoni, kisha akaenda kuleta chai bila kuuliza zaidi.

Tulikutana mwaka wa korona. Watu wengi wanaukumbuka mwaka ule kwa machozi, nami sitaki kumnyang'anya mtu machozi yake. Lakini nitasema wazi kwamba mimi niliufurahia. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha afya ya jamii, nashinda nyumbani nikiwafunza watoto wa jirani kunawa mikono bila malipo, kisha ghafla ulimwengu wote ukawa unamtafuta mtu anayejua kufunza kunawa mikono. Wakati huo malori yalikuwa yamejazana bandarini na barabarani. Dereva akipimwa Mombasa, akifika mpakani anapimwa upya, akivuka anapimwa tena, na mizigo ya nchi tatu inaoza njiani. Hatimaye wakubwa wakakubaliana kwamba dereva apimwe mara moja tu, hapa Changamwe, na majibu yake yaheshimiwe na kila nchi. Kila upande ukaleta mtu wake akae na wenzake chumba kimoja, ili dereva apewe majibu kwa simu na mtu wa kwao. Uganda ikamleta Okello, afisa wa afya wa mpakani. Tanga ikamleta Zuhura, muuguzi. Kenya ikanichukua mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa karibu.

Chumba chenyewe kilikuwa darasa la tatu katika shule moja iliyofungwa, kama zilivyofungwa shule zote. Watoto walikuwa wameondoka kwa haraka, na ubaoni kulikuwa bado na hesabu za kugawanya ambazo hazikumalizwa. Okello alizimaliza wiki ya kwanza, akakosea moja, Zuhura akamwekea alama ya kosa kwa chaki nyekundu, na hesabu ile haikufutwa hadi tulipoondoka. Madawati yalikuwa ya watoto wa miaka minane au tisa. Okello akikaa, magoti yalimfika kidevuni, kwa hiyo alipiga simu zake akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, kama polisi wa trafiki. Madirisha yalikuwa wazi mchana kutwa kwa amri ya daktari mkuu, na kupitia madirisha yale zilitufikia breki za malori, harufu ya dizeli, na mabishano ya madereva waliokuwa wakisubiri majibu nje ya ukuta. Ng'ambo ya uwanja lilikuwako bweni ambalo wale waliopatikana na ugonjwa walitengwa mpaka wapone.

Tulikula kila mtu kona yake, kwa hiyo mazungumzo yetu ya chakula yote yalikuwa ya kupaza sauti. Nilikuwa nikibeba mahamri na mbaazi kutoka kwa jirani yangu Magogoni. Zuhura alichemsha chai yenye tangawizi kali mpaka barakoa zikishavaliwa tena tulipumua moto. Okello wiki ya kwanza alisema kwao nazi hupakwa kwenye nywele. Wiki ya tatu nilimkuta anapangusa kifuniko cha bakuli la mbaazi kwa kidole, akidhani sote tumetoka nje. Baada ya kula walikuwa wakianza kubishana kuhusu Kiswahili, na hapo ndipo nilipofaidi. Zuhura aliamini kwamba Kiswahili kilizaliwa Tanga, kikatembezwa Mombasa kwa muda, kisha kikapotelea Uganda. Mimi nilikuwa nikimwambia kwamba Tanga walikipokea kwetu na bado hawajarudisha asante. Okello alisema kwao Kiswahili walikisikia kwa askari, ndiyo maana yeye hajui kuomba kwa Kiswahili, anajua kuamuru tu. Ilikuwa kweli. Alikuwa mtu mpole sana, lakini ukimsikia anamuuliza dereva kama amekula, ungedhani anamkamata.

Shida yetu ilitoka kwenye karatasi. Ofisi ya juu ilikuwa imetuandikia maneno ya kuwasomea madereva, nasi tuliambiwa tusiongeze wala tusipunguze. Aliyepona au ambaye hakuwa na ugonjwa aliambiwa majibu yake ni hasi. Aliyekuwa nao aliambiwa majibu yake ni chanya, kisha yakafuata maelezo ya kubaki alipo na kungoja gari la kumchukua. Nina hakika aliyeandika alikuwa amevaa tai. Dereva wa kwanza niliyemwambia hasi alikuwa Mgiriama mwenzangu wa Kaloleni. Akaniuliza kwa sauti ya chini amekosa nini hata ahasiwe, maana kwao wanaohasiwa ni mafahali, na kama kuna njia nyingine ya kuzuia huu ugonjwa yeye yuko tayari kuifuata. Nilimaliza dakika nyingi kumtuliza. Zuhura alicheka, lakini akasema kosa ni letu watu wa Kenya tunaosoma hesabu kwa Kiingereza. Kwao mtoto wa shule ya msingi anajua hasi na chanya tangu utotoni, kwa hiyo Mtanzania hawezi kupotea hapo.

Aliyepotea alikuwa Mtanzania. Bwana Shabani alikuwa dereva wa Tanga, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na sauti ya taratibu, na kila aliyesimama karibu naye kwenye foleni ya kupimwa alijua kwamba Ijumaa binti yake Mwanaidi anaolewa. Alikuwa amewaonyesha watu picha ya mkeka mpya. Majibu yake yalipotoka, Zuhura alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri, kwa hiyo nikapiga mimi. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba kwa upole, nikasoma kama nilivyoandikiwa kwamba majibu yake ni chanya. Kabla sijavuta pumzi ya kuendelea, akasema alhamdulillahi, akaniombea dua ndefu mimi na wazazi wangu, akakata simu. Nilipopiga tena, simu yake ilikuwa inatumika. Nilipochungulia dirishani, lori lake lilikuwa linatoka.

Zuhura aliporudi nikamweleza, naye akaketi chini bila kuvua viatu. Kwao, alisema, siku hizi neno hilo liko redioni kila asubuhi. Mtazamo chanya, mawazo chanya, mabadiliko chanya. Bwana Shabani alikuwa ameambiwa kwamba majibu yake ni mazuri, naye akafanya kama baba yeyote angefanya. Tulijaribu simu yake kwa zamu, na kila mara ilikuwa inatumika, kwa sababu, kama tulivyokuja kujua, alikuwa anawapigia watu wa Tanga mmoja mmoja kuwatangazia chanya yake. Mpakani wangemzuia, hilo tulilijua. Lakini kabla ya mpaka kuna feri, na baada ya feri kuna Likoni nzima. Zuhura akampigia Mwanaidi, kwa kuwa namba yake ndiyo baba aliyoiacha. Bibi harusi akasema baba amefurahi mno, na kwamba atapitia Mtongwe kwa shangazi, dada yake mkubwa, achukue kanga za harusi na halua, apate chakula cha mchana, ndipo aendelee. Shangazi huyo, Bi Mwanakombo, alikuwa na sukari na pumu, na nyumbani kwake walijaa wajukuu.

Okello alikuwa keshachukua ufunguo wa gari la ofisi. Njiani Zuhura alimpigia Bi Mwanakombo, na nikasikia jinsi anavyozungumza mtu anayejua kazi yake. Hakutaja ugonjwa, kwa sababu siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Alimsalimu, akamuuliza hali ya nyumba na hali ya wajukuu, akajijulisha, kisha akamwomba kwamba ndugu yake akija asimfungulie mpaka sisi tufike. Bi Mwanakombo akauliza atamwambiaje ndugu yake wa tumbo moja asiingie, na pilau iko motoni. Zuhura akamwambia asimwambie lolote. Asiitike hodi tu.

Nimeishi pwani maisha yangu yote na bado sijawahi kusikia tiba nzuri kuliko ile. Okello hakuielewa, ikabidi nimfafanulie tukiwa ndani ya feri, kwamba mtu aliyelelewa hupiga hodi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na asipoitikiwa huondoka, hata kama mlango uko wazi na anakuona kupitia pazia. Okello alisema kwao angeingia kuangalia kama mmekufa. Tulipofika Mtongwe, lori lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara, na Bwana Shabani amekaa kwenye kidato cha kupandia lori, kofia mkononi, amenuna. Alikuwa amepiga hodi zake zote. Alikuwa anasikia harufu ya vitunguu vinakaangwa, anasikia redio, anasikia mtoto akinyamazishwa, na bado hakuingia. Baadaye Bi Mwanakombo alituambia kwamba alisimama nyuma ya mlango ameuma ncha ya leso yake asije akaitika kwa mazoea, na kwamba katika maisha yake hajapata kufanya jambo gumu kama lile.

Tulisimama mbali naye, tumevaa barakoa zetu, Zuhura akamwamkia na kumweleza polepole. Bwana Shabani alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira bado, "Mchana mwaniambia chanya, saa hizi mwaniambia nina maradhi. Mie nishike lipi?"

"Baba, chanya ya hospitali si chanya yetu," Zuhura alimwambia. "Wao walitafuta ugonjwa. Wakisema chanya, ndiyo kusema wameuona."

Hapo ndipo hasira ilipompanda. Akasema yeye si mgonjwa, hakohoi, hana homa, amebeba magunia juzi tu, na kama tunataka kumharibia harusi ya mwanawe tumwambie nani katutuma. Watu wakaanza kujitokeza kwenye vibaraza. Nilidhani atapanda lori aondoke. Okello, ambaye tulikuwa tumemwomba anyamaze, akasogea hatua moja, akaweka mkono kiunoni. "Mzee," akasema, "wewe umeshika ugonjwa. Ugonjwa haijashika wewe. Twende, kabla haijashika mtu ingine."

Mpaka leo sijasikia mtu akieleza jambo lile vizuri zaidi, na nimekaa kwenye semina nyingi. Papo hapo dirisha likafunguka, dada yake akatoa kichwa, leso imemfunika nusu ya uso, akamwambia, "Shabani nduyangu, nenda nao. Hodi zako nimezisikia zote." Yule mzee akasema, kumbe u ndani, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akalia. Hakuwa analilia maradhi. Alituuliza, kila mmoja kwa zamu kana kwamba mmoja wetu angekuwa na jibu tofauti, kwamba ikiwa baba ametengwa Changamwe, nani atamuoza Mwanaidi. Akapanda gari letu nyuma, peke yake, kofia mapajani.

Jioni ile ile tuliomba kuzungumza na wakubwa. Walikuja kwenye simu wote, wa Nairobi, wa Kampala na wa Tanga, na daktari wetu mkuu akaniambia, Kadzo, wewe ndiye uliyepiga, eleza. Nilikuwa mdogo kuliko wote na sikuwahi kuzungumza mbele ya watu wenye vyeo, lakini nilikuwa nimemwona mzee analia, na woga wote ulikuwa umenitoka. Niliwaeleza habari ya Bwana Shabani, nikawaeleza na ya yule wa Kaloleni aliyeogopa kuhasiwa, nikasikia mtu Kampala anakohoa kuficha kicheko. Nikasema watu hawaulizi majibu yana alama gani. Wanauliza, ninao au sina? Basi tuwaambie hivyo hivyo. Virusi unavyo, au virusi huna. Mkubwa wa Tanga akasema hayo yangeeleweka hata kwa mama yake, mkubwa wa Kampala akasema yangeeleweka hata kwa Okello, na kufikia asubuhi karatasi ilikuwa imebadilishwa katika nchi zote tatu. Nimeshafanya kazi nyingi tangu siku ile, nyingine zenye sherehe na picha, lakini hiyo ndiyo ninayojivunia.

Ikabaki shida ya harusi. Zuhura hakuweza kula wala kuacha mtu ale. Alizungumza na Tanga mchana kutwa, na sheikh wa huko akasema hakuna haja ya kuahirisha. Baba anaweza kumpa wakala mdogo wake amuoze binti kwa niaba yake, ila yeye sheikh anataka aisikie kauli kwa kinywa cha baba mwenyewe, na awepo shahidi mmoja au wawili pale alipo. Mashahidi walipatikana bwenini humo humo, dereva Mwislamu wa Mbale na mwenzake wa Kigali, wote wawili walio na virusi na walio na hamu ya kufanya jambo lolote lisilokuwa kulala. Dereva wa Kigali alikesha anafua kanzu ya kuazima. Bi Mwanakombo akatuma pilau kwa feri, sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, na halua, na kanga moja ambayo alitaka ndugu yake ajifunge mabegani ili naye awe amehudhuria.

Ijumaa baada ya swala, Bwana Shabani alikaa barazani pa bweni, shahidi huku na shahidi kule, kila mmoja umbali wake, sisi tumesimama uwanjani. Simu iliwekwa juu ya kiti, sauti imefunguliwa. Tulisikia ukumbi mzima wa Tanga ukinyamaza. Mzee akakohoa, sote tukashtuka, akainua mkono kutuambia ni koo tu. Akaanza, "Mimi Shabani, nimempa wakala ndugu yangu," na simu ikakatika. Sijapata kuona wanaume watatu waliotengwa wakiinuka kwa kasi vile. Okello alikimbia kuvuka uwanja na simu yake mwenyewe iliyoinuliwa juu kutafuta mtandao, akaupata karibu na choo cha wavulana, na ikabidi mzee, mashahidi na kiti chao wahamie huko, nasi tuwafuate kwa mbali. Hapo akasema kauli yake tangu mwanzo hadi mwisho, kwa ile sauti yake ya taratibu, bila kukosea herufi. Vigelegele vya Tanga vikapasuka ndani ya simu. Mimi ni mtu wa kanisani na siku hizo nilikuwa na haya, lakini nilivijibu kwa nguvu zangu zote. Okello akatoa ukelele wa kwao Acholi ambao ulimfanya mlinzi wa lango aje mbio. Madereva waliokuwa wakisubiri nje ya ukuta hawakujua tunashangilia nini, wakapiga honi hata hivyo.

Nilikula pilau ile juu ya dawati langu na nikajua kwamba nitafanya kazi hii maisha yangu yote. Si kwamba nilikuwa nimeitwa na sauti fulani. Niliona tu kwamba nchi tatu zinaweza kuhangaika siku nzima kwa ajili ya harusi ya mtu mmoja, na kwamba hizo nchi zenyewe ni watu kama Okello na Zuhura, wanaogombania ukoko kwa kupaza sauti kila mmoja kutoka kona yake. Yapo mambo makubwa zaidi yaliyofanywa mwaka ule, najua. Mimi hilo lilinitosha.

Bwana Shabani hakuugua. Aliswali, alisimulia, akawafundisha wenzake wa bwenini kucheza bao kwenye mashimo waliyoyachimba mchangani, na kila asubuhi alinipungia mkono kutoka ng'ambo ya uwanja. Alipopimwa tena na majibu yakaja, Zuhura alikuwa mezani kwake, na simu ile ilikuwa haki yake, lakini alinisukumia mimi. Kanuni ilikuwa kumpigia hata kama unamwona. Nilisimama dirishani nikapiga. Nilimwona ameketi kwenye ngazi za bweni, simu moja sikio la kulia, nyingine sikio la kushoto, na nikadhani amechanganyikiwa aitike ipi.

"Shikamoo baba," nikamwambia. "Majibu yako yamekuja. Virusi huna. Nenda nyumbani."

Nikamwuliza kama amenisikia.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema, akaziweka simu zote mbili pamoja, mdomo kwa mdomo. "Sema tena. Mwanaidi yuko kwenye hii nyingine."

Nikasema tena.